Masimulizi Mahali Pake: Safari ya Kisiwa cha Pate na Mlango wa Mto Tana

Mji wa Lamu ulitiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na jina lake limekua kiasi kwamba wageni wengi wanaofika kaskazini mwa upwa wa Kenya, wakiisha kupita katika vichochoro vyake, kuona milango yake ya nakshi na kuhudhuria Maulidi, hudhani wamekwisha kuujua Uswahili wa kale. Ilhali kaskazini-mashariki mwa Lamu kuna kisiwa cha Pate, kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Lamu, chenye miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini pamoja na magofu ya Shanga. Na kusini-magharibi, upande wa bara, Mto Tana huingia baharini karibu na Kipini, katika nchi inayotajwa na masimulizi ya shujaa Fumo Liyongo. Hizi ndizo sehemu zinazofuatwa katika safari inayoelezwa hapa. Lengo lake ni kuvisikiliza visakale, yaani masimulizi ya watu na matukio ya kale ambayo wenyeji huyachukua kuwa yalitokea kweli, pale pale palipo kisima, kaburi, mti au ukuta unaotajwa ndani yake, kwa sababu masimulizi ya upwa huu hupoteza sehemu kubwa ya maana yanapotengwa na mahali pake, na kwa sababu kila mji huyasimulia kwa namna inayolinda haki na heshima ya watu wake.

Safari ya kwenda Pate hupangwa na bahari. Boti nyingi zitokazo Lamu hupitia Mkanda, mlangobahari mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao una sehemu zenye kina kidogo kiasi kwamba chombo kilichopakia hakiwezi kuzivuka maji yakiwa yametoka. Kwa hiyo nahodha huondoka kwa kufuata kujaa kwa maji, na saa ya kuondoka husogea kila siku. Siku za bamvua, yaani zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo, zina hesabu zake, na mgeni anayekuja na ratiba aliyoipanga mjini Nairobi hulazimika kuiacha gatini. Kungojea huko kuna faida yake, maana abiria waliokaa juu ya magunia ya unga na madebe ya mafuta huanza kuulizana habari za ukoo kabla chombo hakijang'oa nanga, na mgeni naye huulizwa ni mtoto wa nani, anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa visiwani hakuna hoteli za kutegemea, na mtu hufikia nyumbani kwa watu. Asiye na mwenyeji wa kumtaja hutafutiwa mmoja kabla ya kufika Mtangawanda, bandari ndogo ya magharibi ambako abiria wa mji wa Pate hushukia.

Mji wa Pate ulitawaliwa na ukoo wa Wanabahani na ulikuwa na nguvu kubwa katika karne ya 17 na ya 18, wakati ambapo washairi, mafundi wa nakshi na wafanyabiashara wake walijulikana upwani kote. Katika mji huo mwaka 1728 Bwana Mwengo alitunga Utenzi wa Tambuka, na ukiwa wa majumba yake ndio uliompa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mada ya Al-Inkishafi. Leo kuta za matumbawe za mji wa zamani zimesimama katikati ya mashamba ya tumbaku, zao ambalo Pate imelilima kwa muda mrefu, na mkulima anayeipalilia mimea yake chini ya zidaka zilizobomoka (zidaka ni vishimo vya nakshi vilivyojengwa ukutani kwa ajili ya kuwekea vyombo vya thamani) anaweza kumwonyesha mgeni ilipokuwa nyumba ya mfalme na ulipokuwa msikiti. Yafaa kusisitizwa kwamba huyu mkulima ni mwalimu wa historia kwa haki yake, na kwamba mgeni hana sababu ya kumpita haraka ili akamtafute mtu mwenye cheo.

Masimulizi ya utawala huo yamehifadhiwa katika Habari za Pate, tarehe, yaani maandishi ya historia, ambayo nakala zake kadhaa ziliandikwa kwa kutegemea kumbukumbu za Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Wanabahani, baada ya ile inayosemwa kuwa nakala ya asili kupotea Waingereza waliposhambulia mji wa Witu, upande wa bara, mwaka 1890. Nakala hizo hazilingani katika kila jambo, na mwanaakiolojia Neville Chittick alitilia shaka madai ya tarehe hiyo kwamba Wanabahani walifika Pate mwanzoni mwa karne ya 13. Hata hivyo kuipima tarehe hii kwa kigezo cha miaka peke yake ni kuidhulumu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kueleza ni nani mwenye haki ya kutawala na haki hiyo ilipatikanaje. Na jibu lake, kwamba mgeni kutoka Arabuni alimwoa binti wa mtawala wa Pate na kupewa ufalme kwa ndoa hiyo, linasema jambo la kweli kuhusu jamii ambayo nyumba, heshima na uraia vilipita kwa kiasi kikubwa katika mikono ya wanawake.

Ndiyo maana kisa kinachostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi katika tarehe hiyo ni kile cha Mwana Darini na siwa. Siwa ni baragumu kubwa iliyopigwa katika harusi, tohara na sherehe nyingine za watu wa daraja la juu, na aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamua nani asherehekee kwa heshima kamili na nani asikubaliwe. Husimuliwa kwamba Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme ambaye mumewe aliuawa katika ugomvi wa utawala, alitaka kumfanyia mwanawe karamu ya tohara, akanyimwa siwa. Badala ya kuisihi serikali iliyomnyima, alimwita fundi, akampa pembe za ndovu, na fundi akamchongea siwa mpya iliyoipita ile ya kwanza kwa uzuri. Siwa ya pembe ya Pate, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, imehifadhiwa hadi zama zetu na imewahi kuonyeshwa katika Makumbusho ya Lamu karibu na siwa ya shaba ya mji huo. Anayeitazama nyuma ya kioo huona kazi ya ufundi, lakini anayekisikia kisa hiki Pate, katika nyumba ambamo bibi mwenye nyumba ndiye anayeamua ukumbi wa harusi utapambwaje na nani atakaa wapi, huelewa kwamba siwa ile ilikuwa hoja ya mwanamke mjane dhidi ya watu waliotaka kumfuta mwanawe katika orodha ya waungwana. Kwa bahati mbaya, watafiti wanaume wa zamani walizungumza zaidi na wazee waliokaa barazani, na sehemu hii ya urithi, ambayo hukaa ndani ya nyumba na katika nyimbo za harusi, bado inahitaji wasafiri wanawake wenye subira ya kukaa jikoni na kusikiliza.

Kutoka Pate hadi Siyu njia hupita katika minazi na mashamba, na hutembewa kwa miguu au kwa pikipiki kulingana na hali ya mchanga. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi: hapo ilinakiliwa misahafu kwa mkono, ikapambwa kwa wino mwekundu na mweusi, na hapo vilitengenezwa viatu vya ngozi, samani na milango ya nakshi. Ufundi wa ngozi haujafa kabisa, na fundi akiwa kazini hupenda kuulizwa juu ya kazi yake kuliko juu ya bei.

Ngome ya Siyu, iliyo ukingoni mwa hori ambayo hujaa na kukauka kwa kufuata maji, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi masimulizi yanavyofanya kazi. Katika karne ya 19 mji huu uliongozwa na Bwana Mataka, ambaye alikataa kumtii Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, na katikati ya miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said lilishindwa hapa vibaya, kamanda wake Amir Hamad akauawa. Siyu haukuwekwa chini ya Zanzibar mpaka mwaka 1863, wakati wa utawala wa Seyyid Majid. Swali la nani aliyeijenga ngome lina majibu mawili, moja likisema ni Bwana Mataka na watu wake, jingine likisema ni Waomani, na watafiti wenyewe hawajakubaliana. Mgeni asishangae kuona kwamba Siyu jibu la kwanza hutolewa kwa uhakika usio na tone la shaka, kwa sababu mji ulioishinda dola ya Zanzibar hauwezi kukubali kwa urahisi kwamba jengo lake kubwa kuliko yote ni alama ya kushindwa. Kila jibu ni ushahidi wa namna wenyewe wanavyojiona, na hilo nalo ni sehemu ya historia.

Mazungumzo ya aina hii hufanyika katika daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili kilicho mbele ya mlango wa nyumba ya kale, mahali ambapo mwenye nyumba hukutana na watu bila kuifungua faragha ya ndani. Baada ya sala ya alasiri wazee huketi hapo na kahawa chungu, na mgeni aliyesalimu vizuri hukaribishwa. Si adabu kufika na maswali mfululizo wala kutoa kinasa sauti kabla ya kuomba ruhusa. Mzee huulizwa kwanza habari za afya, mvua na uvuvi, na kisa cha kale huja chenyewe, mara nyingi kwa sababu mtu mwingine pale pale amesema jambo ambalo mzee hakubaliani nalo. Wenyeji huzungumza lahaja za Kipate, Kisiu na Kitikuu, ambazo msemaji wa Kiswahili sanifu huzielewa kwa sehemu tu hapo mwanzo, na kuomba kurudiwa neno huchukuliwa kuwa heshima.

Mwendo mfupi kusini mwa Siyu, ufukweni, kuna Shanga, mji uliohamwa karibu na mwaka 1425 na kuachiwa vichaka na mibuyu. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watu waliishi hapa tangu karne ya 8, na kwamba chini ya Msikiti wa Ijumaa kulikuwa na mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ile ya kwanza ikiwa midogo na ya miti, jambo lililobadilisha sana maelezo ya kuanza kwa Uislamu katika Afrika Mashariki. Wenyeji wa Siyu wana habari nyingine ya kusimulia kuhusu ufuko huu. Husema kwamba zamani merikebu ya Wachina ilivunjika mwambani, mabaharia wakaogelea hadi pwani, na wakaruhusiwa kukaa baada ya mmoja wao kumuua nyoka mkubwa aliyekuwa akiwasumbua watu. Wakasilimu, wakaoa, na kizazi chao kikachanganyika na Wafamau, jina wanaloitwa watu wa Siyu. Kisa hiki kilipata umaarufu wa kimataifa kwa sababu safari za Zheng He, amiri wa bahari wa dola ya Ming, zilifanyika kati ya mwaka 1405 na 1433 na baadhi yake zilifika Afrika Mashariki, na mwaka 2005 msichana mmoja wa visiwa hivi aliyetajwa kuwa wa kizazi hicho alipata nafasi ya kusoma China. Sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, ilipatikana kisiwani Manda mwaka 2013, na vigae vya vyombo vya Kichina huonekana ardhini Shanga hadi leo. Lakini vigae na sarafu huthibitisha biashara. Havithibitishi kuzama kwa merikebu. Anayekisikiliza kisa bila haraka hugundua kwamba kiini chake ni jinsi mgeni anavyogeuka mwenyeji: huja na hasara, huondoa dhara, huoa, hupewa jina, yaani ngazi zile zile zinazoelezwa katika kisa cha Mnabahani wa kwanza wa Pate. Vigae vyenyewe viachwe vilipo, kwa kuwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 huvilinda, na kwa kuwa kila kilichookotwa hupunguza uwezo wa mahali pale kuulizwa tena.

Faza, upande wa kaskazini, huhitaji maneno machache zaidi. Wareno waliuangamiza mwaka 1587, wakamuua mtawala wake na kukata minazi yake, kwa sababu uliungana na Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Na nje ya mji kuna kaburi la yule Amir Hamad aliyeuawa katika vita vya Siyu. Watu wa Faza, Wabajuni au Watikuu, walikuwa mabingwa wa kuunda mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na ambavyo, kwa mujibu wa mapokeo, omo zake zilichongwa kwa kumbukumbu ya kichwa cha ngamia wa Mtume.

Safari ya Kipini hurudi Lamu na kuelekea bara kwa njia ya Witu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hali ya usalama katika barabara hii imekuwa ikibadilika, na msafiri mwenye busara huwauliza madereva na maofisa wa eneo kabla ya kuondoka. Witu wenyewe ni mwendelezo wa Pate, kwa kuwa Wanabahani waliokimbia nguvu ya Zanzibar ndio waliouanzisha usultani huko. Na kutoka hapo nchi hushuka hadi mlango wa Tana, penye mabwawa, mashamba ya mpunga na miembe, na mikoma, yaani miti ya mwituni ya jamii ya mitende inayozaa koma, tunda gumu linaloliwa ganda lake. Karibu na pwani kuna magofu ya Ungwana, yaliyochimbwa na James Kirkman katika miaka ya 1950, na huku Ozi na Kipini wenyeji huonyesha kaburi la Fumo Liyongo.

Kisa cha Liyongo kilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi unaosomwa mashuleni hadi leo. Liyongo alikuwa mtu wa umbo kubwa, mpiga upinde na malenga, aliyechukiwa na mtawala aliyeogopa kwamba angetwaa ufalme. Wauaji walioagizwa walimtaka apande mkoma ili wampige mshale akiwa juu, kila mtu akipanda kwa zamu kuwaangushia wenzake matunda, na zamu yake ilipofika aliziangusha koma kwa mishale akiwa amesimama chini. Kwa msomaji wa mjini hii ni hila ya kawaida ya ngano, lakini aliyeuona mkoma, shina lake likiwa refu na jembamba na matunda yakining'inia juu kabisa, hufahamu kwamba mpandaji hana pa kujificha wala pa kukimbilia, na kwamba mtego ulibuniwa na watu walioijua nchi yao. Vivyo hivyo kisa cha gereza: mtumwa Saada humletea chakula, walinzi hula kilicho kizuri na kumwachia mkate wa wishwa, ambao mama yake ameficha tupa ndani yake, kisha Liyongo huomba lichezwe gungu, ngoma ya waungwana ya usiku, na kelele za upatu na matoazi huifunika sauti ya chuma kikikatwa. Ngoma hiyo ilikuwa ya kushindana kwa mashairi, na kwa hiyo kumtoa malenga gerezani kwa gungu ni kusema kwamba ushairi wenyewe ndio uliomfungua.

Kifo chake ndicho kinachohitaji mahali kuliko yote. Mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi za cheo asichokuja kukipata, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, silaha pekee iliyoweza kumuua. Liyongo akauchukua upinde wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti akiwa ameuvuta, akafa katika hali hiyo, na watu wasiojua kuwa amekufa wakaogopa kuteka maji hadi mji ukakaribia kufa kwa kiu, na mama yake akaombwa aende kumbembeleza. Katika nchi hii maji ya kunywa ni jambo la kila siku. Visiwani watu hutegemea visima vyenye maji ya chumvichumvi na jabia, yaani matangi yenye sakafu ya kukingia maji ya mvua, na kando ya mlango wa Tana maji ya bahari hupanda mtoni wakati wa kiangazi. Anayemwona mtoto amebeba madumu kutoka mbali hahitaji kuelezwa kwa nini maiti mmoja aliyepiga goti kisimani aliweza kuuzingira mji, wala kwa nini wasimulizi hawakumweka langoni au msikitini.

Waswahili wa Kipini na Lamu humsimulia Liyongo kama aliyeonewa. Wapokomo, wakulima wa kingo za Tana ambao nao humhesabu katika historia yao, wana masimulizi mengine, na katika baadhi yake yeye ndiye mtawala aliyewatoza na kuwakandamiza mpaka wakatafuta namna ya kujiokoa. Vitabu vya shule havina habari hii, na msafiri aliyekwisha kulisikia gungu la Lamu na kuonyeshwa kaburi la Ozi bado ana vijiji vya juu mtoni vya kufika kwa mtumbwi, ambako jina lile lile hutajwa na watu waliolipa ushuru wake.